Akina Mama wa Liberia Wavikataa Vita

Wahenga walisema: Wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika vita, tembo ni wakubwa wenye bunduki wanaogombea madaraka. Nyasi ni mkulima, ni mama mwenye mtoto mgongoni, ni mzee asiyeweza kukimbia.

Ndugu zetu wa mikoa ya Kigoma na Kagera wanajua maana ya methali hii. Wamewapokea wakimbizi wengi kutoka Burundi, Rwanda na Congo. Wameona watu wakifika na kifurushi kimoja tu kichwani, wengine hata bila watoto wao.

Je, nyasi zinaweza kuwaambia tembo waache kupigana? Watu wengi watajibu kwamba haiwezekani. Lakini mwaka 2003, katika nchi ya Liberia, akina mama walijaribu. Hawakuwa na bunduki, wala fedha, wala vyeo. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Soma habari zao, kisha uzizungumze na wenzako.

NCHI YA LIBERIA

Liberia iko Afrika Magharibi, kando ya bahari ya Atlantiki. Imepakana na Sierra Leone, Guinea na Ivory Coast. Mji wake mkuu ni Monrovia. Wananchi wake hulima mpunga na muhogo. Wako Wakristo na Waislamu, na wako makabila mengi.

Nchi hii ina historia ya pekee. Katika karne ya 19, watu weusi waliotoka utumwani Marekani walipelekwa kuishi huko. Mwaka 1847 walitangaza Liberia kuwa nchi huru. Lakini kwa miaka mingi watu hao na wajukuu wao ndio walioshika serikali na mali. Wenyeji waliokuwako tangu zamani waliachwa nyuma. Ubaguzi huo ulipanda chuki.

Mwaka 1980 askari wakiongozwa na Samuel Doe walimwua Rais William Tolbert na kutwaa serikali. Doe naye alipendelea watu wa kabila lake. Mwezi Desemba mwaka 1989 Charles Taylor aliingia na wapiganaji wake kutoka Ivory Coast. Hapo ndipo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Doe aliuawa mwaka 1990, lakini vita havikwisha. Makundi yaligawanyika, kila kundi likawa na mkubwa wake.

Mwaka 1997 ulifanyika uchaguzi, na Taylor akawa rais. Watu walitumaini amani. Lakini mwaka 1999 vita vilianza tena, kwa kuwa makundi mengine yalichukua silaha ili kumwondoa Taylor.

Katika miaka 14, kuanzia 1989 hadi 2003, inakadiriwa kwamba watu wapatao 250,000 walikufa. Wengine wengi zaidi walikimbia makwao. Watoto wadogo walipewa dawa za kulevya na bunduki, wakaambiwa waue. Wanawake na wasichana walinajisiwa. Mashamba yaligeuka mapori.

MSICHANA ALIYETAKA KUWA DAKTARI

Leymah Gbowee alizaliwa mwaka 1972. Alikulia Monrovia. Vita vilipofika mjini humo mwaka 1990, alikuwa ametoka tu kumaliza shule ya sekondari. Alitaka kuendelea na masomo awe daktari. Vita vikavunja mpango huo.

Mwaka huo huo wa 1990, watu wengi wa Monrovia walikimbilia katika Kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro. Walidhani kwamba hakuna mtu atakayeua ndani ya nyumba ya Mungu. Usiku mmoja wa mwezi Julai askari wa serikali waliingia humo. Waliwaua watu wapatao 600, wanaume, wanawake na watoto.

Leymah na jamaa zake walikimbilia Ghana, wakaishi katika kambi ya wakimbizi. Baadaye alirudi Liberia. Alipata watoto, lakini nyumba yake haikuwa na amani, kwa kuwa mwanamume aliyeishi naye alimpiga. Njaa nayo haikuondoka. Bibi Gbowee amesimulia kwamba asubuhi moja, wakati wa mapigano, mtoto wake mdogo alimwambia anatamani kipande cha andazi. Mama hakuwa nacho. Hakuwa na kitu chochote cha kumpa.

Mwishowe alimwacha yule mwanamume, akarudi kwa wazazi wake pamoja na watoto wake. Alisomea kazi ya kuwasaidia watu walioumizwa moyo na vita. Kuanzia mwaka 1998 alifanya kazi katika mpango wa kanisa, katika uwanja ule ule wa Kanisa la Mtakatifu Petro walikouawa watu. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na vijana waliokuwa askari tangu utotoni. Wengi walikuwa wamepoteza miguu au mikono. Mwanzoni aliwachukia, kwa sababu ya mambo waliyoyatenda. Baadaye akaona kwamba wao pia walikuwa watoto walioharibiwa na watu wazima. Hapo akafahamu kwamba mabadiliko yakitakiwa Liberia, lazima akina mama wayaanzishe.

RISASI HAICHAGUI DINI

Mwaka 2001 wanawake wa nchi mbalimbali za Afrika Magharibi walikutana Ghana. Walianzisha chama cha wanawake cha kujenga amani. Bibi Gbowee alichaguliwa kuwa kiongozi wake kwa Liberia. Mwaka 2002 aliwakusanya akina mama wa kanisani wasali kwa ajili ya amani.

Katika mkutano mmoja kanisani alikuwako mwanamke Mwislamu, Bibi Asatu Bah Kenneth. Kazi yake ilikuwa polisi. Alisimama mbele ya Wakristo, akawaambia kwamba Waislamu nao wanaumia kwa vita hivi. Aliahidi kwenda kuwaita akina mama Waislamu ili wafanye kazi hiyo pamoja.

Si wote waliopenda jambo hilo. Wakristo wengine walisema imani yao haiwaruhusu kusali pamoja na Waislamu. Mama mmoja wa kanisani, Bibi Vaiba Flomo, aliwauliza swali moja tu: Je, risasi huchagua Mkristo na Mwislamu? Watu wakatafakari. Wakaona kwamba risasi haiulizi mtu dini yake. Basi wakakubaliana kwamba kila mtu abaki na dini yake, lakini kazi ya amani iwe ya wote.

Kisha wakaanza kazi ya kuwaamsha wenzao. Kwa muda wa miezi sita, siku tatu kila juma, walitoka wawili wawili. Siku ya Ijumaa walikwenda misikitini baada ya sala ya adhuhuri. Siku ya Jumamosi walikwenda sokoni. Siku ya Jumapili walikwenda makanisani. Waligawa karatasi za kuwaambia akina mama kwamba wao pia wana sauti katika kutafuta amani.

Lakini wanawake wengi walikuwa hawajui kusoma. Basi wakachora picha rahisi za kueleza shabaha yao, wakazigawa pia. Kwa njia hiyo hakuna aliyeachwa nje kwa sababu ya kutojua kusoma. Mama muuza samaki alielewa, na mama mwenye shahada alielewa.

KUKETI KANDO YA BARABARA

Mwanzoni mwa mwaka 2003 wapiganaji walikuwa wakikaribia Monrovia. Maelfu ya watu waliokimbia vita walijaa kambini nje ya mji, bila chakula cha kutosha wala maji safi. Serikali ya Taylor ilikuwa imewakataza watu kuandamana.

Mwezi Aprili akina mama wapatao 2,500 walitoka. Walikwenda kuketi katika uwanja karibu na soko la samaki, kando ya barabara kubwa. Walichagua mahali hapo kwa akili. Rais Taylor alipita katika barabara hiyo kila siku, akienda kazini na akirudi nyumbani. Hata kama hataki kuwasikia, lazima awaone.

Wote walivaa nguo nyeupe, na vichwani walijifunga vitambaa vyeupe. Waliacha hereni, mikufu na rangi za midomo nyumbani. Mtu hakuweza kutambua yupi ni tajiri na yupi ni maskini, yupi ni Mkristo na yupi ni Mwislamu. Bango lao lilisema kwamba akina mama wa Liberia wanataka amani sasa.

Walidai mambo matatu tu. La kwanza, pande zote ziache kupigana mara moja. La pili, serikali na wapinzani wake wakae wazungumze. La tatu, jeshi la nchi za nje lije kulinda amani. Hawakudai vyeo, wala hawakusema ni upande gani ushinde. Kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu kwa mtu kusema kwamba wametumwa na maadui.

Waliketi kuanzia asubuhi hadi jioni. Jua liliwachoma. Mvua ilipoanza, iliwanyeshea. Waliimba, walisali na walifunga. Kesho yake walirudi tena.

Baadhi yao walichukua hatua nyingine, nayo ni ya ndani ya nyumba. Walikataa kulala na waume zao mpaka vita viishe. Walitaka kila mume awahimize wanaume wenzake kuacha vita. Bibi Gbowee mwenyewe ameeleza baadaye kwamba hatua hiyo siyo iliyomaliza vita. Ila habari hiyo ilienea upesi, na waandishi wa magazeti wakaja kuuliza akina mama wanataka nini.

MBELE YA RAIS

Siku ya tarehe 23 Aprili 2003 Rais Taylor alikubali kuwaona. Wanawake zaidi ya 2,000 walikwenda Ikulu, wakaketi nje. Bibi Gbowee alichaguliwa kusema kwa niaba yao.

Fikiri, ndugu msomaji. Mbele yake alikuwa mtu aliyeogopwa kuliko wote nchini. Walinzi walikuwa na bunduki. Watu waliompinga Taylor walikuwa wamefungwa, wengine wameuawa.

Bibi Gbowee hakutukana. Alisema kwamba akina mama wamechoka na vita. Wamechoka kukimbia. Wamechoka kuomba chakula cha msaada. Wamechoka kuona watoto wao wakinajisiwa. Akasema kwamba wamesimama kwa ajili ya watoto, kwa kuwa siku moja watoto hao watawauliza: Mama, wewe ulifanya nini wakati wa vita?

Taylor aliahidi kwamba serikali yake itakwenda kwenye mazungumzo. Lakini ahadi ya upande mmoja haitoshi. Akina mama wakawatuma wenzao Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, walikokuwa viongozi wa wapinzani. Huko nako walipanga mstari kando ya barabara karibu na hoteli yao. Viongozi hao nao wakakubali kuhudhuria.

MLANGO UKAFUNGWA

Mazungumzo yalianza Ghana tarehe 4 Juni 2003. Akina mama walichanga fedha kidogo walizokuwa nazo, wakawapeleka wajumbe wao huko, pamoja na Bibi Gbowee. Wanawake wa Liberia waliokuwa wakimbizi nchini Ghana waliungana nao. Kila siku waliketi nje ya mahali pa mkutano wakiwa wamevaa nyeupe.

Siku ile ile ya kwanza, mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya Sierra Leone ilitangaza kwamba Taylor ameshtakiwa. Alishtakiwa kwa makosa ya vita vya Sierra Leone, ambako aliwasaidia waasi. Taylor aliondoka haraka, akarudi Monrovia. Wajumbe wake walibaki.

Majuma yalipita bila mapatano. Wakubwa wa vita walilala katika hoteli nzuri na kula vizuri. Walibishana ni nani atapata wizara hii na ni nani atapata bandari ile. Wakati huo Monrovia ilikuwa inapigwa mizinga. Mwezi Julai mabomu yaliwaangukia watu waliokimbilia karibu na ubalozi wa Marekani. Akina mama waliokuwa Ghana walipata habari hizo, nao walikuwa wameacha watoto wao huko.

Hapo Bibi Gbowee alisema: Basi. Aliwaongoza wenzake mpaka ndani, wakaketi chini mbele ya mlango wa chumba cha mkutano. Walishikana mikono. Walipeleka ujumbe kwa msuluhishi, Jenerali Abdulsalami Abubakar, aliyekuwa zamani kiongozi wa Nigeria. Walimwambia kwamba wajumbe hawatatoka humo, hawatakula wala kunywa, mpaka wafikiane. Walitaka wakubwa hao waonje kidogo mateso ya wananchi. Jenerali Abubakar aliwatangazia wajumbe kwamba chumba kimetekwa na Jenerali Leymah na jeshi lake.

Askari walikuja kumkamata Bibi Gbowee. Yeye akasimama, akawaambia kwamba atawarahisishia kazi. Akaanza kuvua nguo zake.

Askari wakashtuka. Katika Afrika Magharibi, mama mzima akivua nguo hadharani kwa makusudi, ni laana kubwa kwa wanaume wanaomwona. Jambo hili halijulikani huko tu. Mwaka 1992 mjini Nairobi, Kenya, akina mama waliodai kwamba wana wao waliofungwa kwa sababu ya siasa waachiwe walivua nguo polisi walipowavamia. Pamoja na akina mama hao alikuwako Bibi Wangari Maathai.

Askari hawakumgusa tena Bibi Gbowee. Mkubwa mmoja wa vita alijaribu kuwaruka akina mama ili atoke. Jenerali Abubakar alimkemea, akamrudisha ndani. Alimwambia kwamba kama angekuwa mwanamume kweli, asingekuwa anaua watu wake mwenyewe.

Mwishowe Jenerali Abubakar aliwasihi akina mama waufungue mlango. Walikubali kwa masharti. Wajumbe wahudhurie vikao bila kukosa, na wasiwatukane akina mama wanapopita. Kama kazi haitaendelea, akina mama watarudi, tena watakuwa wengi zaidi.

Tangu siku hiyo mazungumzo yalibadilika. Tarehe 11 Agosti 2003 Taylor aliacha urais, akaenda Nigeria. Tarehe 18 Agosti 2003 mapatano ya amani yalitiwa sahihi mjini Accra.

Ni haki tuseme ukweli wote. Akina mama hawakumaliza vita peke yao. Taylor alikuwa amezingirwa na wapinzani wake, na mahakama ilikuwa inamtafuta. Nchi jirani zilileta majeshi ya kulinda amani, na Marekani ilimtaka aondoke. Lakini wakubwa walipokuwa wakichelewa, ni akina mama waliowakumbusha kila siku kwamba watu wanakufa.

KARATASI SI AMANI

Ndugu msomaji, wengi wangerudi nyumbani hapo. Mapatano yametiwa sahihi, kazi imekwisha. Akina mama wa Liberia hawakufanya hivyo. Walijua kwamba mapatano mengi kabla ya hayo yalikuwa yamevunjwa.

Umoja wa Mataifa uliamua kupeleka askari 15,000 kulinda amani. Mwezi Desemba mwaka 2003 ilianza kazi ya kukusanya silaha. Walifika wapiganaji wengi kuliko walivyotarajiwa, ikatokea fujo, na kazi ikasimamishwa. Akina mama walikwenda kuzungumza na vijana hao na kuwatuliza. Vijana wenyewe waliwaheshimu, kwa kuwa waliwaona kama mama zao. Kazi ilipoanza tena mwaka 2004, watu zaidi ya 100,000 waliandikishwa na kuacha upiganaji.

Mwaka 2005 ulifika wakati wa kujiandikisha kupiga kura. Wanawake wachache tu walijitokeza. Kwa nini? Wengine walikuwa sokoni na hawakuweza kuacha biashara zao. Wengine walikuwa na watoto wachanga. Wenzao wa chama cha amani wakapita sokoni. Mmoja alishika mtoto, mwingine akalinda meza ya biashara, ili mwenyewe aende kujiandikisha. Zoezi lilipokwisha, karibu nusu ya watu wote walioandikishwa walikuwa wanawake.

Katika uchaguzi huo Bibi Ellen Johnson Sirleaf alishinda. Aliapishwa tarehe 16 Januari 2006. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika kuchaguliwa na wananchi kuwa rais wa nchi.

Mwaka 2011 Bibi Gbowee na Bibi Sirleaf walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, pamoja na Bibi Tawakkol Karman wa Yemen. Tuzo hii hutolewa kila mwaka kwa watu waliofanya kazi kubwa ya amani duniani. Mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata alikuwa Bibi Wangari Maathai wa Kenya, mwaka 2004. Charles Taylor naye alihukumiwa mwaka 2012 kifungo cha miaka 50 kwa makosa ya vita vya Sierra Leone.

Mwaka huo huo wa 2012 Bibi Gbowee alijitoa katika kazi ya upatanisho aliyopewa na serikali ya Bibi Sirleaf. Alisema hadharani kwamba rais hapigani vya kutosha na rushwa, tena amewapa watoto wake vyeo. Walikuwa wamepokea tuzo pamoja mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Lakini hakunyamaza kwa sababu ya urafiki.

Liberia bado ina shida nyingi. Umaskini haujakwisha, na wanawake bado wanadhulumiwa. Lakini mwaka 2018 Bibi Sirleaf alimkabidhi madaraka George Weah kwa amani. Mwaka 2024 Weah naye aliyeshindwa katika uchaguzi alimkabidhi Joseph Boakai kwa amani. Watoto waliozaliwa mwaka 2003 sasa ni watu wazima, na hawakukulia vitani.

Vijijini akina mama wamejenga vibanda vya amani. Humo hukutana kusuluhisha ugomvi wa mashamba, ugomvi wa mume na mke, na ugomvi wa majirani. Wanajua kwamba moto mdogo usipozimwa huunguza kijiji.

TUNAJIFUNZA NINI?

Akina mama wa Liberia hawakuwa malaika. Waliogopa kama sisi tungeogopa. Lakini walipanga kazi yao hatua kwa hatua. Kwanza waliungana bila kujali dini, kabila wala elimu. Pili walichagua madai machache ambayo kila mtu aliweza kuyaeleza. Tatu walikuwa na nidhamu, hawakutukana wala kuharibu mali. Nne hawakurudi nyumbani kabla ya kazi kwisha.

Vijijini kwetu pia kuna ugomvi. Wakulima na wafugaji hugombana kwa ajili ya malisho na maji. Ndugu hugombana kwa ajili ya urithi. Mara nyingi mkutano wa kusuluhisha huitwa, na wanaume peke yao ndio husema. Akina mama hukaa nyuma, ingawa ugomvi ukizidi wao ndio watakaobeba watoto na kukimbia. Mwenyekiti mwenye busara atawauliza nao. Na mama mwenye neno asingoje kuulizwa.

Swali la Bibi Gbowee linatuhusu sisi sote, wanawake na wanaume. Siku moja mtoto wako atakuuliza: Wakati wa shida ile, wewe ulifanya nini?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini akina mama wa Liberia walichagua kuketi kando ya barabara ile?
2. Walifanya nini ili wanawake wasiojua kusoma waelewe shabaha yao?
3. Bibi Vaiba Flomo aliuliza swali gani? Wewe ungejibu nini?
4. Baada ya mapatano kutiwa sahihi, ni kazi gani ilibaki?
5. Katika kijiji chenu kuna ugomvi gani ambao haujasuluhishwa? Akina mama wameulizwa maoni yao?